Jina Moja, Mimea Mitatu: Idadi ya Kromosomu, Kemia ya Mimea ya Dawa na Kazi ya Mwanaleksikografia

IKISIRI

Makala haya yanaeleza jinsi tofauti za idadi ya kromosomu zinavyohusiana na kemikali zilizomo katika mimea ya dawa, na yanadai kwamba jambo hilo linamhusu mwanaleksikografia wa Kiswahili kama linavyomhusu mwanabotania. Mfano mkuu ni mmea uitwao Acorus calamus. Mifano ya kuupima ni mnanaha, artemisia na kahawa. Tunaonyesha kwamba jina moja, hata likiwa la Kilatini, laweza kufunika mimea yenye kemia tofauti kabisa, na kwamba idadi ya kromosomu ni alama muhimu ya tofauti hiyo ingawa peke yake si sababu yake. Mwishoni tunapendekeza namna ya kuandika ingizo la mmea wa dawa katika kamusi.

1.0 UTANGULIZI

Yeyote aliyewahi kusimamia tasnifu ya uzamili inayohusu majina ya mimea ameiona orodha ya safu mbili. Safu ya kwanza ina jina la Kiswahili au la lugha nyingine ya jamii; safu ya pili ina jina la kisayansi. Mtafiti akishazijaza safu zote mbili huamini kwamba suala la urejeleo limekwisha: neno limepata kitu linachokitaja, na kitu hicho hakina utata. Mwandishi wa makala haya aliamini hivyo kwa miaka mingi, na akawafundisha wanafunzi wake waamini hivyo.

Sehemu ya kwanza ya tatizo inafahamika vyema. Jina la kawaida mara nyingi hutaja mimea zaidi ya mmoja. Neno kivumbasi, kwa mfano, hutumika kwa zaidi ya spishi moja ya jenasi ya Ocimum. Mojawapo, Ocimum gratissimum, mara nyingi huwa na mafuta yenye eugenoli kwa wingi, yaani kemikali ileile inayoipa karafuu harufu yake. Nyingine, Ocimum kilimandscharicum, hujulikana kwa kafuri. Mgonjwa aliyeambiwa achemshe kivumbasi anaweza, kwa hiyo, kunywa kitu kimoja au kingine kulingana na mahali anapoishi. Tiba ya utata huu tuliyozoea kuitoa ni kuandika jina la kisayansi.

Swali la makala haya ni hili: Je, jina la kisayansi lenyewe linatosha? Jibu letu ni kwamba kwa baadhi ya mimea ya dawa halitoshi. Ili kulifikia jibu hilo yatupasa kuingia kidogo katika uwanja wa biolojia, na tunamwomba msomaji wa isimu asichoke, kwa kuwa dhana atakazozikuta huko zina jamaa zake katika mofolojia.

2.0 DHANA NA ISTILAHI ZA MSINGI

Ndani ya kiini cha seli ya mmea mna nyuzi ziitwazo kromosomu, na juu ya nyuzi hizo zimepangika jeni. Jeni huelekeza utengenezaji wa vimeng'enya. Vimeng'enya navyo huendesha hatua, moja baada ya nyingine, zinazozaa kemikali za mmea: alkaloidi, mafuta ya kunukia, vitu vichungu vya maganda na vya mizizi. Kemikali tunayoiita dawa ni kiungo cha mwisho cha mnyororo huu. Lolote linalotokea katika kiungo cha kwanza, yaani kromosomu, laweza kukifikia kiungo cha mwisho, lakini halikifikii moja kwa moja.

Mimea mingi ina seti mbili za kromosomu, moja kutoka katika chavua na nyingine kutoka katika yai. Mmea wa namna hiyo huitwa diploidi. Wenye seti tatu huitwa triploidi, na wenye seti nne tetraploidi. Mimea yote yenye seti zaidi ya mbili kwa pamoja huitwa poliploidi. Katika makala haya tutatumia istilahi hizi sambamba na maelezo ya wazi ya mmea wa seti mbili, wa seti tatu na wa seti nne, kwa maoni kwamba istilahi iliyokopwa hukaa vizuri zaidi ikiwa na fasili ya Kiswahili ubavuni mwake.

Dhana hizi si ngeni katika mazingira yetu. Ndizi za kupika za nyanda za juu za Afrika Mashariki, zikiwamo matoke ya Uganda na ndizi za Bukoba, ni triploidi: zina seti tatu za kromosomu 11, jumla 33. Seti tatu hazigawanyiki sawasawa wakati wa kutengeneza seli za uzazi, na hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya ndizi hizo kukosa mbegu. Mkulima huieneza migomba yake kwa machipukizi, na kila chipukizi ni nakala ya mama yake. Jambo hili tulikumbuke, maana litarudi.

Mmea huweza kuwa poliploidi kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza seti zake zilezile hurudufiwa. Katika njia ya pili mimea miwili ya asili tofauti huzaa chotara, na seti za wazazi wote wawili hubaki pamoja katika kizazi hicho. Msomaji wa mofolojia atatambua mara moja kwamba njia ya kwanza inafanana na uradidi, kama haraka inavyozaa harakaharaka. Na njia ya pili inafanana na muambatano, kama mwana na maji yanavyozaa mwanamaji. Tutautumia mlinganisho huu kwa tahadhari, kwa sababu neno hutungwa na watu wenye nia ya kusema jambo, hali mmea hauna nia hiyo.

Ipo pia aina ya tatu ya tofauti, ambapo si seti nzima inayoongezeka bali kromosomu mojamoja. Mnanaha, yaani Datura stramonium, una jozi 12 za kromosomu. Katika miaka ya 1920 Albert Blakeslee na wenzake huko Marekani walieleza aina 12 za mnanaha, kila moja ikiwa na kromosomu moja ya ziada kutoka katika jozi tofauti, na kila aina ikatambulika kwa umbo la tunda lake. Funzo lake ni kwamba kromosomu hazilingani kwa kazi zake. Kujua ni ngapi zimeongezeka hakutoshi. Yafaa kujua ni zipi.

3.0 KISA CHA ACORUS CALAMUS

Acorus calamus ni mmea wa majimaji, wenye majani marefu kama panga na shina linalotambaa chini ya udongo kama la tangawizi. Shina hilo hunukia, na limetumika kwa karne nyingi kutibu tumbo, kikohozi na maradhi mengine. Katika Kisanskriti huitwa vacha, na kwa Kiarabu wajj. Linnaeus aliupa jina lake la kisayansi mwaka 1753, na tangu mwanzo alitofautisha aina ya Ulaya na aina ya Asia chini ya jina hilohilo moja.

Kila seti ya kromosomu za mmea huu ina kromosomu 12. Uchunguzi wa karne ya 20 ulibainisha makundi makuu matatu:

(i) Diploidi, yenye kromosomu 24. Huota Amerika ya Kaskazini na katika sehemu za Asia ya Kaskazini. Mafuta yake hayana beta-asaroni.

(ii) Triploidi, yenye kromosomu 36. Ndiyo aina ya Ulaya, na hupatikana pia katika sehemu za Himalaya. Mafuta yake yana beta-asaroni kidogo, kwa kawaida chini ya 15%.

(iii) Tetraploidi, yenye kromosomu 48. Huota Asia ya Kusini na ya Mashariki. Beta-asaroni huweza kupita 70% ya mafuta yake.

Umuhimu wa kemikali hii ulidhihirika katika miaka ya 1960. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1967, ambamo panya walilishwa mafuta ya mmea huu kutoka Jammu, India, yalionyesha kwamba mafuta hayo yalisababisha uvimbe wa saratani katika utumbo mwembamba. Mwaka 1968 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikapiga marufuku kutumia mmea huo, mafuta yake na vitu vinavyokamuliwa kutoka kwake katika vyakula.

Hapa ndipo suala letu la urejeleo linapojitokeza. Majaribio yalihusu mafuta ya India, yenye beta-asaroni kwa wingi. Amri iliandikwa kwa jina, yaani shina lililokaushwa la Acorus calamus, bila neno lolote kuhusu kromosomu. Jina hilo likaukamata pia mmea wa Amerika wenye seti mbili, ambao wenyeji wa asili wa bara hilo wameutumia kwa muda mrefu na ambao hauna kemikali iliyoshtakiwa. Hatusemi kwamba kukosa kemikali moja kunaufanya mmea kuwa salama kwa kila hali. Tunasema tu kwamba ushahidi uliotolewa dhidi ya mmea mmoja uliuhukumu mwingine kwa sababu ya kuchangia jina. Baadhi ya wanabotania leo huitenga diploidi ya Amerika kuwa spishi ya peke yake, Acorus americanus, lakini jina la zamani lingali katika amri hiyo.

Kosa la upande wa pili ni la hatari zaidi. Mmea wa Ulaya ulifika huko katika karne ya 16 kutoka nchi za Dola ya Uthmaniya. Ukiwa triploidi, haukuzaa mbegu. Ulienea kwa vipande vya shina lake, kama migomba yetu inavyoenea kwa machipukizi, na kwa hiyo kemia yake haikubadilika sana kutoka bustani moja hadi nyingine. Uzoefu wa tiba ulioandikwa katika vitabu vya Ulaya unahusu zaidi mmea huo wa beta-asaroni kidogo. Anayesoma sifa zake katika kitabu cha Kijerumani, kisha akanunua dukani shina lililotoka India, amepata jina lilelile na kitu kingine. Mfasiri aliyemtafsiria sentensi hiyo hakukosea neno hata moja, na bado amempotosha.

Umoja wa Ulaya ulishughulikia jambo hili kwa njia tofauti na Marekani. Katika kanuni yake ya mwaka 2008 kuhusu viungo vya kutia ladha katika vyakula, kilichokatazwa kutumika ni Acorus calamus ya tetraploidi, yaani yenye seti nne, na si kila kiitwacho Acorus calamus. Kwa mwanaleksikografia tofauti ya sheria hizi mbili ni tofauti ya fasili mbili. Ya mwaka 1968 inataja jenasi na spishi na kukomea hapo. Ya mwaka 2008 inaongeza sifa bainifu, na sifa yenyewe ni idadi ya seti za kromosomu.

4.0 JE, IDADI NDIYO SABABU?

Msomaji anaweza sasa kuharakia kusema kwamba kila seti inapoongezeka kemikali nayo huongezeka. Kisa cha Acorus chenyewe kinatukanya. Kama ingekuwa ni suala la kurudufu tu, kromosomu zikizidi mara mbili kemikali nayo ingezidi kama mara mbili. Lakini mara mbili ya sufuri ni sufuri. Mmea usio na beta-asaroni hauwezi kufikia 70% kwa kuhesabu nakala peke yake. Makundi yale matatu yana historia tofauti, na idadi ya kromosomu ni alama inayotuonyesha historia hizo.

Ili kutenganisha alama na sababu, yafaa tutazame mimea ambayo kromosomu zake zilirudufiwa kwa makusudi. Njia ya kufanya hivyo iliimarika mwaka 1937, Blakeslee na Avery walipoeleza matumizi ya kolkisini. Kolkisini hutoka katika mmea Colchicum autumnale, nayo ni dawa ya kale ya jongo. Huzuia kromosomu zilizokwisha kujigawa zisiachane kwenda pande mbili za seli, na hivyo seli hubaki na seti maradufu. Dawa moja ya mimea ikawa chombo cha kuchunguzia dawa nyingine za mimea.

Mfano wa kwanza ni mnanaha. Katika miaka ya 1940 majaribio ya Uingereza juu ya mnanaha na jamaa zake wa familia ya Solanaceae yalionyesha kwamba mimea ya seti nne kwa wastani ilikuwa na alkaloidi nyingi kuliko ya seti mbili. Alkaloidi hizo, zikiwamo hiosiamini na hiosini, hutibu kwa kipimo kidogo na huua kwa kipimo kikubwa. Kwa mmea wa aina hii, kuongezeka kwa kiasi kunamgusa mgonjwa moja kwa moja. Huu ni mfano wa harakaharaka: umbo limerudiwa, na maana ileile imekolea.

Mfano wa pili ni Artemisia annua, mmea wa asili ya China uliokwisha kuingia katika mashamba ya Afrika Mashariki na unaotoa artemisinini, kiini cha dawa mseto za malaria. Kwa kawaida una kromosomu 18. Mwaka 1999 watafiti wa Uholanzi walitangaza matokeo ya kuurudufu kwa kolkisini. Kiwango cha artemisinini katika mimea ya seti nne kilipanda kwa zaidi ya theluthi moja. Lakini mimea hiyo ilikua kwa udogo, hata mavuno ya dawa kwa eneo la shamba yakapungua. Seli za mmea uliorudufiwa huwa kubwa zaidi, na ukuaji wake mara nyingi huwa wa polepole. Jawabu la swali la kama urudufu uliongeza dawa linategemea kama unapima jani au shamba.

Mfano wa tatu ni kahawa, ambayo kafeini yake hutumika pia katika vidonge vya maumivu. Kahawa ya robusta, inayolimwa kwa wingi Kagera na Uganda, ina kromosomu 22. Kahawa ya arabika, ya miteremko ya Kilimanjaro, ina 44. Mwenye kuamini hesabu ya kurudufu atatarajia arabika iwe na kafeini zaidi. Mambo ni kinyume: robusta huwa na kiasi cha 2.2% na arabika kiasi cha 1.2%. Sababu ni kwamba arabika haikutokana na uradidi bali na muambatano. Wazazi wake ni robusta yenyewe, Coffea canephora, na Coffea eugenioides, mmea wa nyanda za juu za eneo letu wenye kafeini kidogo sana. Ni kama neno ambatano ambalo maana yake haipatikani kwa kuhesabu silabi zake. Lazima ujue ni maneno gani yaliyoungana.

Lugha yetu ingekuwa imetuonya kuhusu jambo hili. Uradidi katika Kiswahili hukoleza maana mara nyingine, lakini si kila mara. Chekacheka yaweza kuwa kicheko kisicho na uzito, chenye upungufu kuliko cheka. Majimaji si maji mengi bali hali ya unyevunyevu. Na mbalimbali haina umbali zaidi ya mbali. Imekuwa dhana nyingine kabisa. Mwanamofolojia hamfundishi mwanafunzi kwamba uradidi ni msisitizo, bali kwamba ni umbo ambalo maana yake huchunguzwa neno kwa neno. Kanuni hiyohiyo inafaa kwa kromosomu: tofauti ya idadi ni ishara kwamba kemia yaweza kuwa tofauti, na ishara hiyo inamtaka mtu apime, mmea kwa mmea.

5.0 MATOKEO KWA KAMUSI NA KWA UTAFITI WA MAJINA

Kutokana na hayo, tunatoa mapendekezo manne.

Kwanza, ingizo la mmea wa dawa lisiishie kwenye jina la kisayansi pale ambapo wanasayansi wamekwisha kubainisha makundi ya kromosomu yenye kemia tofauti. Kidahizo kinachorejelea Acorus calamus, kwa mfano, kiseme kuna aina ya seti mbili, tatu na nne, na kwamba ya seti nne ndiyo yenye beta-asaroni kwa wingi. Maneno kumi ya ziada katika fasili si gharama kubwa.

Pili, mkusanyaji wa majina aandike mahali, mwinuko, sehemu ya mmea inayotumiwa na namna mmea unavyoenezwa, kwa mbegu au kwa vipande. Habari hii ya mwisho hudharauliwa, lakini mmea usiozaa mbegu huenda ukawa triploidi. Na aweke sampuli iliyokaushwa katika hebaria, ili mwanabotania aweze baadaye kukiangalia kitu chenyewe na si jina lake tu.

Tatu, tafsiri za maandishi ya tiba zitaje asili ya mmea. Kuandika kwamba mmea fulani hutumika Ulaya kutibu tumbo ni sentensi pungufu ikiwa mmea unaouzwa hapa umetoka India. Vivyo hivyo kwa neno artemisia, ambalo katika mazungumzo ya watu hutumika pia kwa Artemisia afra, mmea wetu wa asili, ambao si chanzo cha artemisinini ya viwandani. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai wala unga wa mimea ya Artemisia kwa kutibu malaria au kuikinga. Kamusi inayolieleza neno hilo kuwa ni mmea wa kutibu malaria, bila kutofautisha spishi wala kutofautisha jani na dawa iliyosafishwa, inaweza kumdhuru msomaji wake.

Nne, istilahi. Diploidi, triploidi na tetraploidi zinakubaliana na utaratibu wa kutohoa uliotupa kromosomu na alkaloidi, na zinakubali viambishi vyetu bila shida. Tunapendekeza zitumike katika maandishi ya kitaalamu, na maelezo ya seti mbili, tatu na nne yatumike katika kamusi za jumla na katika vitabu vya shule.

6.0 HITIMISHO

Tumeonyesha kwamba kromosomu hufika kwenye dawa kwa kupitia jeni na vimeng'enya. Kwamba katika Acorus calamus idadi ya kromosomu huenda pamoja na tofauti kubwa ya kemia na ya hatari. Na kwamba mnanaha, artemisia na kahawa vinatuzuia kuifanya idadi hiyo kuwa kanuni ya kukisia. Kwa mwanabotania haya si mageni. Kwa mwanaleksikografia yana maana kwamba safu ile ya pili ya orodha, ambayo tulidhani ndiyo mwisho wa kazi, wakati mwingine ni katikati tu. Idara za Kiswahili na za botania katika vyuo vyetu mara nyingi zimo ndani ya uzio mmoja. Itafaa mwanafunzi wa uzamili anayekusanya majina ya dawa awe na msimamizi wa pili kutoka upande huo wa uzio, kabla orodha yake haijaingia katika kamusi ambayo mtu ataifungua akiwa na mgonjwa nyumbani.